TUIJUE HISTORIA YETU: Ngome Isiyo na Mawe



Huko Ulaya wafalme wa zamani walijenga ngome za mawe juu ya vilima. Nyingi zipo mpaka leo, na baadhi zimefanywa makumbusho. Hata hapa Tanzania, kule Kilwa, kuta za jumba la Husuni Kubwa bado zinaonekana.

Je, sisi wa Bukoba na Muleba twende wapi? Nyumba za Abakama wetu zilikuwa misonge ya miti na nyasi. Nyasi huoza. Na mchwa hajui kama hii ni ikulu.

Nenda Katuruka, karibu na Maruku. Hapo palikuwa na ikulu ya Omukama Rugomora Mahe, yapata miaka 350 iliyopita. Wazee walisimulia kuwa aliwaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni. Mnara ukaanguka. Hapo ulisimama mti mkubwa ulioitwa Kaiija, yaani mahali pa kufulia chuma.

Utasema ni hadithi tu. Lakini miaka ya 1969 na 1970 mtaalamu wa Marekani, Peter Schmidt, aliwasikiliza wazee hao, kisha akachimba karibu na mti. Alikuta shimo la wahunzi na vipande vya chuma. Vilionekana ni vya zaidi ya miaka 2,000! Wahunzi walikuwapo zamani sana kabla ya Rugomora kuzaliwa. Habari zao zilitunzwa kwa mdomo tu. Baadaye matanuri ya kale yalichimbuliwa pia Kemondo, kwenye njia ya kwenda Muleba.

Leo mti wa Kaiija haupo, ulikatwa. Wazee wengi wamekufa. UKIMWI, uliogunduliwa hapa Kagera mwaka 1983, uliwachukua wengi ambao wangerithi habari hizo. Wanakijiji wa Katuruka wamejitahidi kukusanya simulizi zilizobaki.

Na wewe, ukilima kibanja chako ukakuta mawe meusi, mazito, yenye vitundu, huenda ni mavi ya chuma. Usiyatupe. Yaache hapo hapo, umwite mwenyekiti wa kijiji ayaone. Kisha mwulize babu ni nani walikaa hapo zamani. Sasa unajua kuandika. Chukua daftari, andika anayosema, na jina lake, na tarehe.