Tusizitupe Rangi Zetu Jalalani

Kamwene kwa mlioko Iringa, ugonile kwa mlioko Mbeya, na salamu kwa watu wa Njombe, Mufindi na Mbozi, ambao tunawakumbuka haraka tukitaja chakula na kuwasahau tukitoa mialiko. Leo mwaliko ni wa wote. Kinachotakiwa ni sufuria kuukuu.

Pita jioni nyuma ya vibanda vya juisi pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, uone kinachosubiri gari la taka: kokwa za parachichi, ndoo kwa ndoo. Nenda upande wa vitunguu, vikiwemo vile vinavyopandishwa kutoka Ruaha Mbuyuni, uone maganda yanavyopeperuka miguuni mwa watu. Vyote hivyo ni rangi. Ombi langu ni kwamba mwaka huu kila shule, kila kikundi cha akina mama na kila kata yenye mtu wa kujitolea ianzishe daftari la rangi: kurasa zenye vipande vya kitambaa vilivyotiwa rangi kwa vitu vya hapo hapo, na pembeni mwa kila kipande maelezo ya jinsi kazi ilivyofanyika, yameandikwa kwa wino uliotengenezwa na mikono hiyo hiyo.

Nasema daftari kwa sababu ujuzi huu ulikaa vichwani mwa watu, na vichwa hivyo vinatuacha. Dunia nzima ilipata rangi kwa mimea, wadudu na udongo hadi mwaka 1856, pale kijana wa miaka 18 jijini London, William Henry Perkin, aliyekuwa akihangaika kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, alipoambulia rangi ya zambarau kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe. Viwanda vikaichukua kazi. Huku kwetu pakiti za rangi zikafika mpaka kwa wasukaji wa vikapu vya milulu, na siwalaumu hata kidogo, maana pakiti inaokoa muda na mteja anapenda kinachong'aa. Lakini anayejua gome gani hutoa wekundu na jani gani hutoa manjano leo ni bibi wa miaka 80 kule kijijini, na wajukuu tunaenda kumsalimia na kurudi bila kumuuliza. Pale Igeleke, nje kidogo ya mji wa Iringa, michoro myekundu bado iko mwambani. Waliochora walijua udongo upi haufutiki, ila namna walivyouandaa hakuna aliyetuachia.

Anzeni na parachichi, kwa kuwa haligomi. Osha kokwa, zikatekate zikiwa bado mbichi, tia maji na uziweke kwenye moto mdogo kwa saa moja au zaidi. Maji yatapita kwenye rangi ya chungwa kabla hayajawa mekundu. Usiharakishe kwa kuongeza mkaa, kwani moto mkali huipeleka rangi kwenye hudhurungi. Hapa sisi wa milimani tuna bahati: Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na maji yake huchemka kabla ya kufika nyuzi 95, kwa hiyo hata aliyepitiwa na maongezi jikoni haunguzi mambo sana. Acha vilale usiku kucha, chuja, kisha tumbukiza kitambaa cha pamba kilicholoweshwa kwanza. Kitatoka na rangi ya waridi iliyotulia. Ukidondoshea magadi kidogo, yale ya kupikia maharage, wekundu unakolea. Ukitia maji ya kutu, waridi hugeuka kijivu chenye zambarau kwa mbali.

Kosa la wengi huanzia kwenye kitambaa chenyewe. Amerikani mpya ina wanga wa kiwandani, nao huikataa rangi, kwa hiyo ichemshe kwa sabuni na uisuuze mpaka maji yatoke safi. Kokwa ya parachichi ina tanini yake, hivyo hujishikiza yenyewe. Maganda ya vitunguu yanahitaji shabu, ile ile wanayopaka vinyozi baada ya wembe. Pamba iloweke kwanza kwenye majani ya chai yaliyochemshwa (na kwa chai ya Mufindi na Rungwe hatujapungukiwa), halafu kwenye maji ya shabu, ndipo uipeleke kwenye maganda. Utapata dhahabu. Bila shabu rangi itachuja mfuo wa pili na utasema tumekudanganya.

Wino una historia yake hapa, tena nzito. Tanganyika Wattle Company, inayojulikana zaidi kama TANWAT, ilianzishwa Njombe mwaka 1949, enzi za ukoloni, na kiwanda chake kikawa kinakamua tanini ya kutengenezea ngozi kutoka kwenye magome ya miwati. Mti huo umesambaa mpaka pale usipotakiwa. Tanini ikikutana na chuma hugeuka nyeusi, na kwa kemia hiyo Ulaya iliandika hati zake kwa karne nyingi, wao wakitumia vinundu vya mwaloni. Huku pwani ya kwetu, wanakili wa Siyu katika kisiwa cha Pate waliandika misahafu kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Mwalimu wa kemia anayesoma haya, huna haja ya kusubiri vifaa vya maabara. Chemsha magome ya muwati mpaka maji yawe mazito, yachuje kwa kitambaa, tia maji ya misumari yenye kutu iliyolala kwenye siki kwa siku kadhaa, kisha gundi ya mgunga kidogo ili wino usitambae, na karafuu mbili tatu kuzuia ukungu. Weusi wake huwa na ukijani kidogo na hukolea ukikauka. Usizidishe chuma, maana baada ya miaka wino huo hula karatasi.

Karatasi nayo tunayo! Neema Crafts ya Iringa, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana kwa ajili ya kazi za watu wenye ulemavu, ilianza na vijana viziwi wachache wakitengeneza karatasi, zikiwemo za kinyesi cha tembo. Nikiwaza daftari lililotengenezwa Iringa na kuandikwa kwa muwati wa Njombe, siwezi kujizuia kutabasamu.

Ila tusijidanganye. Rangi hizi hupauka zikianikwa juani kila siku, hazitamtoa mtu kwenye kitenge, na bei yake lazima iwe juu kwa sababu ya saa zinazoliwa. Sufuria ya rangi isirudi kwenye ugali. Na mti wa asili usichunwe gome kuuzunguka wote, kwani utakufa. Chukueni miwati iliyokwisha kuangushwa, matawi yaliyopogolewa na takataka za soko. Maji ya mwisho yamwagwe shimoni, yasiende Mto Ruaha Mdogo ati kwa vile ni ya asili.

Vikundi vinavyotaka kuifanya kazi hii biashara vijue kuwa halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, lina ofisi Iringa na Mbeya. Nendeni mkiwa na vipande vilivyofuliwa mara nyingi, kwa sababu swali la kwanza la afisa litakuwa kama rangi inachuja.

Maduka ya juisi, wekeni ndoo ya pili, ya kokwa peke yake. Wasukaji wa milulu, mpeni kijana mmoja nafasi ya kukaa nanyi. Wajukuu, mkienda kwa bibi nendeni na kalamu. Na Nane Nane ijayo, pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, tupate meza moja tu katikati ya matrekta na mbegu, tufunue madaftari yetu ya kata. Mje na vipande vilivyoharibika pia, maelezo yake yakiwa yameandikwa.