Chuma kipumue, na mutumishi naye apumue

Leo hatutaongea juu ya mushahara, hata kama mwisho wa mwezi umefika na mifuko iko mitupu. Tunataka kuongea juu ya mule. Si ile ya matofali, ni mule ya plastiki: kitu kimoja ambacho kilimaliza feza ya wenzetu 22 mu siku mbili.

Habari ni hii. Mwaka jana, wenzetu walioachishwa kazi ku mugodi mumoja wa hapa Katanga waliunganisha malipo yao ya mwisho, wakaunda koperative. Wazo lilikuwa zuri: kutengeneza sahani za plastiki za kuotesha miche ya tomate na shu, sababu wamama wa mashamba wanazinunua bei kali zikitoka inje. Kazi yenyewe haina uchawi. Unapasha karatasi ya plastiki moto mpaka inalegea, unailaza juu ya mule, halafu pompe inavuta hewa kutoka chini. Plastiki inashika umbo la mule, inapoa, unaitoa. Njo vile tu.

Lakini ile hewa inapaswa kupata njia ya kutokea. Ku mule ya aluminiumu nzima, njia ni matundu yanayotobolewa na meshi, kila moja chini ya milimetre 1, sababu likipita hapo linaacha alama ku plastiki. Sahani ya wenzetu ilikuwa na vikombe 104. Weka matundu 4 ku kona za kila kikombe: inakuwa 416. Kila mutu aliyetumika mu atelye anajua meshi nyembamba vile zinavunjika ngapi mbele ya kufika 416.

Basi walishauriwa kununua chuma chenye vitundu, ile inatengenezwa na chembe za aluminiumu zilizoshikanishwa na gundi ya rezini. Hewa inapita kati ya chembe, fasi yote, bila kutoboa hata tundu moja. Sisi wa sendika tulikuwa mu komite, tukasaini. Furushi lilifika, tukalipeleka ku atelye. Fundi alilikata vile anakata chuma kila siku: na mafuta ya kupoza. Hakuna aliyemuambia kitu. Mafuta na unga wa chuma vikaingia mu vitundu vikakauka humo. Siku ya kujaribu, pompe ililia, plastiki ikalala juu ya mule kama kitambaa juu ya meza. Tuliosha, tulipuliza hewa kutoka nyuma. Bule.

Siku ile wengi walimulaumu fundi. Tunasema wazi: kosa haikuwa yake. Ilikuwa yetu. Ku meza ambapo tulichagua kile chuma, kulikuwa prezida, katibu, mutunza feza na sisi wa sendika. Mutu wa kukikata hakukuwa. Angeuliza neno moja tu: "Hii tunakata na nini?" Na feza ingepona.

Toka siku ile tumejifunza, na tunapenda wengine wajifunze bila kulipa. Ukitaka sahani makumi tu za kujaribu soko, mule ya mbao ngumu ao ya plasta inatosha. Itachoka haraka, lakini itakuambia kama watu wananunua. Ukitaka maelfu na maelfu, aluminiumu nzima inabaki na nguvu: inatoa moto haraka, unaweza kupitisha maji ndani ili ipoe, na tundu likiziba unalizibua na waya. Chuma chenye vitundu kinafaa pale umbo liko na mapango mingi ao alama ndogo za kuonekana vizuri. Lakini kinapoa pole pole kuliko aluminiumu nzima, kona zake nyembamba zinavunjika, na rezini haipendi moto mukali. Tena kuna kuchagua ndani ya kuchagua: vitundu vidogo sana vinaacha plastiki laini lakini vinavuta hewa pole, vitundu vikubwa vinavuta haraka lakini vinaacha ngozi ya mchanga ku plastiki.

Kwa sahani yetu, fundi yule yule njo alitupatia jibu, siku tulipokumbuka kumuuliza: mwili wa aluminiumu nzima, na ku sakafu ya kila kikombe kifuniko kidogo cha chuma chenye vitundu, kinagongwa ndani. Kikiziba, unatoa kimoja, unaweka kingine. Hautupi mule yote.

Kuna jambo lingine ambalo muuzaji hasemi sana. Kama chuma hiki hakipendi mafuta, basi kinakatwa kikavu. Na kukata kikavu ni vumbi. Vumbi ya aluminiumu inaingia mu mapafu, tena ikiwa mingi mu hewa inaweza kushika moto. Sisi watu wa mugodi hatuhitaji kufundishwa vumbi inafanya nini. Tumezika wazee walioimeza. Kwa hiyo kuchagua chuma ni kuchagua pia hewa ambayo mutumishi atavuta. Bei ya mule ihesabiwe pamoja na maske ya kweli na mashini ya kunyonya vumbi pale pale inapotokea. Na hakuna kupuliza vumbi na hewa ya kompresa ili meza ionekane safi. Kama feza haitoshi kwa hivyo, basi haitoshi kwa chuma hicho.

Na tuongeze neno juu ya shaba. Chuma chenye vitundu kinatengenezwa pia na bronzi. Wanachukua chembe za shaba zenye etani karibu asilimia 10, wanazimwanga mu umbo, wanazipasha moto chini ya kiwango cha kuyeyuka. Chembe zinashikana pale zinapogusana, na nafasi kati yao inabaki. Wenzetu wanaotumika na mashini za hewa wanakijua: kile kichwa kidogo cha rangi ya shaba kinachonyamazisha sauti ku valve. Inchi yetu ni ya pili duniani kwa kutoa shaba, nyuma ya Chile. Kasiterite ya etani iko Kivu, iko Manono. Lakini kichwa kile kinatufikia na ndege, kimefungwa mu karatasi.

Hatusemi kesho tutakitengeneza. Tunasema mwanzo uko fasi gani. Kodi ya migodi ya 2018 inalazimisha kampuni kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wenyeji. Mu feza ile, mashini zinanunuliwa, picha zinapigwa, na mashini ngapi zinalala leo chini ya turubai sababu hakuna aliyemuuliza mutu wa kuzitumikisha?

Sendika inaomba vitu viwili. Kila komite inayonunua chombo cha kazi, ya koperative ao ya feza ya migodi, ikalishe mu kiti fundi ambaye atakishika, mbele ya kusaini, si nyuma. Na sehemu ya feza ile iende ku masomo ya ufundi, vijana wajifunze chuma kwa mukono na kwa kitabu.

Wenzetu 22 wameanza tena, pole pole, na mule ya mbao. Kile chuma kilichoziba kiko mu biro yetu, kinashikilia mulango. Kila anayekuja kuomba tumusainie karatasi ya kununua kitu, tunamuonyesha kwanza.