Usafi Ulioniponza

Jamani wasomaji wangu, wiki hii niko kwenye msiba, tena wa kujitakia.

Mchumba wangu alikwenda Mwanza kwenye arusi ya ndugu yake, wiki mbili. Akaniachia ufunguo wa chumba chake na tangi lake la samaki, lita 60. Ni wale gapi wadogo wenye mikia ya rangi rangi. Alianza na wawili tu, wakazaliana humo humo mpaka kumi na moja. Maagizo yalikuwa mafupi: "Chakula kidogo tu, mengine usiguse."

Na mimi si mnanijua! Siku moja kabla hajarudi nikaona kioo kimeota ukijani. Nikasema atanionaje? Samaki nikawatia kwenye beseni, maji yote nikamwaga, changarawe nikasugua, sponji la chujio nikalikamua bombani mpaka likatakata. Nikajaza maji ya bomba, nikarudisha samaki, huyo nikaenda zangu kuangalia mpira.

Narudi saa tano usiku, wanne wanaelea matumbo juu. Kulipokucha wamefika saba.

Bibie alipofika hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliuliza tu: "Sponji umelioshea wapi?"

Kumbe samaki hana choo cha nje, bwana. Kinyesi chake na mabaki ya chakula vinatoa amonia, ambayo ni sumu. Ndani ya sponji na changarawe wanaishi bakteria wanaoibadilisha sumu hiyo kidogo kidogo mpaka iwe kitu chenye nafuu. Tangi jipya huwachukua kama wiki nne hadi sita kujijenga. Mimi niliwafagia kwa dakika kumi! Halafu klorini ya bomba, inayotulinda sisi na vijidudu, inaunguza matamvua ya samaki.

Yeye hubadilisha robo tu kila wiki. Robo ya lita 60 ni lita 15, hata ndoo kubwa haijai. Maji mapya yanalala wazi humo chumbani siku nzima, klorini ipae na joto lilingane na la tangini (kuna na matone ya dukani kwa wenye haraka). Ya zamani anayavuta kwa mpira mwembamba, ananyonya kama wauza petroli ya magendo, ncha akiipitisha kwenye changarawe ifyonze uchafu. Sponji anakamulia kwenye maji hayo hayo aliyoyatoa. Bombani, thubutu!

Wale wanne tuliwaokoa kwa kuwabadilishia maji kidogo kila siku na kuwapunguzia chakula. Sasa kila Jumamosi nabeba ndoo, yeye kakaa kitandani ananiangalia. Ufunguo kaninyang'anya. Eti nitaupata wakifika tena kumi na moja.

Kuna jike mmoja tumbo limeanza kujaa. Niombeeni.