Haiku ya Kiswahili: Hesabu ya Mizani na Majira ya Kilosa

Imezoeleka kumfundisha mwanafunzi kwamba haiku ni utungo wa Kijapani wenye sehemu tatu na mizani 17, yaani tano, saba na tano. Fasili hiyo ni sahihi kwa kiasi, lakini haitoshi. Anayeishia hapo amejifunza kuhesabu, hajajifunza kutunga. Makala haya yanatetea rai kwamba haiku inafaa kufundishwa kwa Kiswahili, ila kwa sharti la kuifungamanisha na majira ya mahali anapoishi mtunzi. Mfano unatolewa wa Kilosa.

Kwa upande wa umbo, Kiswahili kina nafasi bora kuliko Kiingereza. Watunzi wengi wa Kiingereza wameacha idadi ya silabi 17, kwa kuwa silabi za lugha yao hutofautiana mno kwa urefu na uzito. Kiswahili, kama Kijapani, hupendelea silabi wazi. Aidha, lugha zote mbili huipa nazali hadhi ya mizani kamili katika mazingira fulani: neno Nihon huhesabiwa mara tatu, na mvuvi lina silabi tatu. Hata hivyo, mvua ina silabi mbili tu, kwani nazali yake imeungana na konsonanti inayofuata. Asiyeijua tofauti hii atakosea akidhani amepatia. Tena kitenzi kimoja, kama vile walipokitafuta, hujaza sehemu nzima ya mizani saba. Ufupi, basi, si mgeni katika Kiswahili.

Wapo watakaodai kwamba utungo usio na vina si shairi. Hoja hiyo ina mizizi katika kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi (1954), na ilijadiliwa kwa ukali baada ya Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974. Haiku haiingii kwa urahisi katika mgogoro huo: haina vina, lakini ina sheria zake. Ugeni nao peke yake si kasoro. Mkonge uliletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, na leo nani atasimulia historia ya Kilosa bila kuutaja?

Sheria iliyo ngumu zaidi ni ya kigo, yaani neno la majira. Wajapani wana makusanyo maalumu ya maneno hayo, yaitwayo saijiki. Mwanafunzi wa Kilosa akiazima theluji au maua ya sakura, ameazima macho ya wengine. Lakini kuandika masika kwa mazoea nako ni kuazima. Hufundishwa kwamba mvua kubwa ni za masika, Machi hadi Mei. Mafuriko ya mto Mkondoa yaliyowaacha maelfu ya watu bila makazi na kuikata Reli ya Kati yalitokea Desemba 2009 na Januari 2010. Anayeyaweka katika masika amekitii kitabu na kuwakana walioyapata.

Uchukuliwe mfano huu, uliotungwa kwa ajili ya mjadala:

Maji yashuka
reli yaning'inia
chura alia

Mkato uko baada ya sehemu ya kwanza, na chura ndiye neno la majira. Hakuna neno huzuni, wala onyo kuhusu kujenga bondeni. Hapa ndipo penye mtihani wa mtunzi wa Kiswahili. Amelelewa katika mapokeo ya mawaidha, kama yale ya Utendi wa Mwana Kupona (1858), ambamo msomaji huelekezwa la kufanya. Mapokeo hayo yana thamani yake na hayapaswi kutupwa. Haiku, hata hivyo, hudai nidhamu ya kuonyesha na kunyamaza. Kitendawili hukaribia nidhamu hiyo, kwani huweka picha mbele ya msikilizaji na kumwachia kazi ya kufikiri.

Pendekezo ni kwamba walimu waanze na daftari la majira. Kwa mwaka mzima wanafunzi waandike wanayoyaona: siku ya kwanza ya kumbikumbi, moto katika tambarare ya Mkata, baridi ya kipupwe, rangi ya maji ya Mkondoa. Wazee waulizwe majina ya mambo hayo katika Kisagara na Kikaguru. Daftari hilo litakuwa hazina kwa wanaleksikografia pia, hata kama halitazaa haiku moja. Mizani inaweza kufundishwa baadaye, kwa kipindi kimoja.