Tatizo la Nyumba Ile Sio Vibwengo

Baba hana jina. Mama hana jina. Mtoto naye hivyo hivyo, na hata nchi waliyohamia haitajwi. Kwa waliozoea stori za "staa fulani" hilo sio geni, ila hapa usihangaike kubashiri ni nani. Ndivyo Masatsugu Ono, Mjapani aliyeshinda tuzo ya Akutagawa 2015, alivyoiandika riwaya yake At the Edge of the Woods. Kwa Kiingereza ilitoka 2022, mtafsiri ni Juliet Winters Carpenter.

Familia inahamia nyumba iliyo pembeni ya msitu. Msituni kunatoka sauti, mara kama mtu anakohoa, mara kama anacheka. Inasemekana kuna vibwengo humo, na wanaiba watoto. Mama ni mjamzito, anaogopa mimba isije ikaharibika tena, anaamua kurudi kwao kujifungulia. Anabaki baba na dogo wake. Siku moja dogo anarudi nyumbani na bibi kizee asiyejulikana katokea wapi, halafu bibi mwenyewe anapotea hivi hivi.

Wengi wakifika hapo wanauliza: sasa hao vibwengo wapo kweli, au jamaa anaota? Kiukweli hilo swali halina msaada. Rudi pale mama anapoondoka, uliangalie lile neno "tena". Maana yake kuna mtoto ambaye wazazi hawa walishampoteza, kabla hata ya hizo habari za vibwengo.

Ukishalishika hilo, stori yote inabadilika. Mwanaume kapoteza mmoja, kabaki na mmoja, na mwingine yuko tumboni mbali huko. Usiku atasikia nini huyo kama sio kitu kinachokuja kuchukua mtoto? Mimba ikiharibika, mama atapewa pole, ataletewa uji, atalala. Baba anaulizwa tu, "Shemeji anaendeleaje?" Basi, imeisha hiyo, kesho kazini.

Anayependa stori inayofunga kila kitu atakereka, na ana haki. Yule bibi, kwa mfano, angestahili maelezo kidogo jamani.

Ila kinachouma zaidi ni kwamba msimulizi ni baba mwenyewe. Ya mama yote yanapitia mdomoni kwa mumewe. Kule kwao alikoenda na ile hofu yake, analala au halali, msomaji haambiwi na yeye.