Hasimu akianguka, ungoje au upite?

Kila Julai ikikaribia, mpwa wangu hunipigia simu na swali moja tu: mwaka huu uko na nani? Hazungumzii mpira. Azungumzia Tour de France, mbio za baiskeli za wiki tatu, ambazo mwaka huu zaanzia Barcelona tarehe 4 Julai. Sisi wawili ndio wagonjwa wa mchezo huu katika ukoo mzima. Wengine wakituona tumekodoa macho saa nne mfululizo kutazama watu wakinyonga baiskeli katika vijiji vya Ufaransa hudhani tumerogwa.

Safari hii jibu langu halikumridhisha. Nilimwambia niko na Jonas Vingegaard, yule kijana wa Denmark.

"Mjomba, yule mpole mno," akaniambia. "Angekuwa na roho ya ushindi asingemngoja Pogačar akianguka."

Nikanyamaza, kwani neno lile lilinigusa mahali. Waama, mwaka 2010 mimi mwenyewe nilisema maneno kama hayo barazani, kwa sauti kubwa kuliko yake, na nikamkosea mtu.

Kwa asiyefuatilia, mambo yalivyo ni haya. Tangu 2020 hakuna aliyeshinda mbio hizi isipokuwa wawili hawa. Tadej Pogačar wa Slovenia amezichukua 2020, 2021, 2024 na 2025. Vingegaard 2022 na 2023. Mbio zina mikondo 21, kila siku mkondo mmoja, na siku mbili za mapumziko. Saa za kila siku hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye avaaye jezi ya manjano. Kwa hivyo mtu aweza kupoteza kazi ya wiki tatu kwa sababu ya mchanga uliomwagika kwenye kona moja.

Na ndiyo karibu yaliyotokea Julai 21, 2022. Ulikuwa mkondo wa 18, milima ya Pyrenees, na Vingegaard alikuwa mbele kwa dakika 2 na sekunde 18. Pogačar alikuwa akimshambulia kila mahali, hata kwenye mteremko wa Spandelles, barabara nyembamba yenye kona mbaya. Vingegaard mwenyewe nusura aanguke. Punde si punde Pogačar akakosea kona, akaingia kwenye kokoto, akaenda chini, akainuka paja limechunika. Vingegaard angeweza kuondoka zake. Hakuondoka. Alipunguza mwendo, akawa anatazama nyuma mpaka mwenziwe akamfikia. Pogačar akanyosha mkono, wakapeana mikono huku baiskeli zikienda. Kisha wakafika mlima wa mwisho, Hautacam, na hapo Vingegaard akamwacha kwa dakika 1 na sekunde 4. Pale Paris akashinda kwa dakika 2 na sekunde 43.

Sasa ruka miaka mitatu. Jumatano ya Julai 16, 2025, jijini Toulouse, zimebaki kama kilomita 4 tu, Pogačar agusana na gurudumu la Tobias Halland Johannessen wa Norway, aanguka, ateleza mpaka ukingoni mwa barabara. Kundi la mahasimu wake, Vingegaard akiwemo, likapunguza mwendo akalifikia. Hakupoteza kitu, na baadaye akawashukuru. Alhamisi yake mlima ulikuwa ule ule, Hautacam. Pogačar akaruka peke yake akamwacha Vingegaard kwa dakika 2 na sekunde 10. Mbio zile zilikwisha hapo, ingawa zilibaki siku kumi za kuzunguka. Mwisho wa yote tofauti ilikuwa dakika 4 na sekunde 24.

"Si waona?" asema mpwa wangu. "Wamngoja Jumatano, Alhamisi awamaliza."

Hoja yake si ya kitoto. Hakuna kanuni iliyoandikwa inayomlazimu mtu kumngoja hasimu aliyeanguka. Ni ada tu, kama ada ya kumpisha mwenye mzigo kwenye kichochoro cha Mji wa Kale. Na ada hii ina mipaka ambayo kila mtu aichora atakavyo. Wengi hukubaliana kwamba aliyevaa manjano, au mshindani wake wa karibu, akipatwa na balaa lisilo lake, hashambuliwi. Lakini ikiwa vita vimeshachacha? Ikiwa kaanguka kwa kosa lake mwenyewe? Kuteremka mlima kwa kasi ni ufundi, na asiyeuweza hana haki ya kudai asubiriwe.

Mimi naona ada hii haikuzaliwa na upole. Imezaliwa na upepo. Katika barabara tambarare, anayekaa mgongoni kwa mwenzake hukingiwa upepo na huokoa nguvu nyingi sana. Aliye peke yake huumia. Kundi la watu kumi wakipokezana mbele likiamua kukuacha ukiwa chini, hulipati tena hata uwe simba. Kwa hivyo kuanguka kwa sekunde 20 hugeuka dakika, na dakika hiyo haikupimi miguu wala mapafu. Yakupima bahati. Waendeshaji wanalijua hilo, na wanajua pia kwamba mikondo ni 21. Leo ni mimi kwenye kokoto, kesho ni wewe. Keshokutwa twahitajiana kupokezana upepo ili tumkamate aliyetoroka mbele. Wavuvi wa ngalawa mbili wanaoshindana kurudi pwani hawaachani mmoja tanga likipasuka, na si kwa sababu wanapendana.

Ndiyo maana naitofautisha 2022 na 2025. Toulouse, kumngoja Pogačar ilikuwa kulipa deni la kawaida: barabara ya mjini, magurudumu yamegusana, ajali ya sekunde moja. Spandelles ilikuwa jambo jengine. Pale Pogačar ndiye aliyekuwa akichochea moto, na kona aliikosea mwenyewe. Vingegaard angepita, mimi nisingemlaumu. Alichotoa pale hakikuwa deni, na ndiyo sababu watu wangali wanakitaja.

Hata hivyo tusidanganyike na kupeana mikono. Mwaka 2001 Lance Armstrong alimngoja Jan Ullrich aliyetoka nje ya barabara kwenye mteremko, na 2003 Ullrich akapunguza mwendo Armstrong alipoangushwa na mfuko wa mtazamaji pale Luz-Ardiden. Picha nzuri kabisa. Mwaka 2012 Armstrong alivuliwa mataji yake yote saba kwa dawa haramu. Mtu aweza kukungoja barabarani na bado akuibie usiku. Ada ya barabarani haithibitishi usafi wa mtu, yathibitisha tu kwamba aijua barabara.

Narudi kwa kosa langu. Julai 19, 2010, mlima wa Port de Balès. Andy Schleck wa Luxembourg ndiye aliyekuwa na manjano, mbele ya Alberto Contador wa Uhispania kwa sekunde 31. Schleck akashambulia, cheni ikamtoka. Wakati anahangaika nayo, Contador akampita na kuondoka. Siku hiyo Schleck alipoteza sekunde 39 na jezi ikahamia kwa Contador kwa sekunde 8. Contador alizomewa alipopanda jukwaani kuivaa, na usiku ule akatoa video kuomba msamaha. Mbio zilipofika Paris, alimshinda Schleck kwa sekunde ngapi? Sekunde 39 zile zile. (Baadaye Contador naye alinyang'anywa taji kwa sababu ya dawa, likapewa Schleck, lakini hayo ni ya mahakamani.)

Barazani kwetu kulikuwa na mzee mmoja fundi wa baiskeli, mikono yake haitoki grisi. Alisema Contador kafanya jambo la aibu. Mimi nikamcheka. Nikamwambia cheni ni sehemu ya baiskeli, asiyejua kubadili gia akauze maji, mbio ni mbio. Wengine wakacheka nami. Yeye akainuka akachukua kikombe chake cha kahawa akenda kukaa upande wa pili, na tukaonana kwa salamu tu muda mrefu.

Miaka mitano baadaye alikuwa amevaa manjano Chris Froome. Huyo hahitaji kuelezwa sana hapa kwetu. Alizaliwa Nairobi 1985, akafunzwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, akaiendeshea Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne 2006. Baadaye alihamia bendera ya Uingereza, lakini kila aliposhinda Tour, na alishinda mara nne, sisi tulikuwa tukisema "wetu". Basi 2015, mkondo wa 19, juu ya Croix de Fer, Froome alipata tatizo la baiskeli, na Vincenzo Nibali wa Italia akaondoka wakati ule ule. Froome alikasirika wazi. Nibali akashinda mkondo.

Sikuambii niliyoyasema kuhusu Nibali. Mwizi lilikuwa neno la adabu kuliko yote. Nikiwa katikati ya hotuba, yule fundi akasema kutoka upande wa pili, bila kuninyanyulia macho: "Asiyejua kubadili gia akauze maji."

Nilikwenda kukaa karibu naye jioni ile. Sikupata neno la kusema, nikamlipia kahawa.

Hapo ndipo mashabiki tunapoponea na kuangamia. Waendeshaji wana sababu ya kuwa na kipimo kimoja, kwa sababu kesho watakutana. Sisi hatuanguki. Kwa hivyo ada yetu hubadilika kulingana na jezi. Na katika mchezo huu shabiki si mtazamaji wa mbali. Hakuna tikiti wala ukuta. Mlimani mkono wako wafika begani kwa mwendeshaji. Mwaka huo huo wa 2015, njiani kuelekea Mende, mtu alimrushia Froome mkojo huku akimwita mla dawa. Mwenzake wa timu, Richie Porte, alisema alipigwa ngumi. Mwaka 2021, siku ya kwanza tu, mtazamaji alitoka na bango la kuwasalimia babu na bibi yake, akigeukia kamera, akaangusha kundi zima. Mahakama ikamtoza faini ya yuro 1,200. Huyu wa bango hakuwa na chuki, alikuwa na ujinga. Aliyejaza mkojo kwenye kikombe na kungoja alikuwa na jambo jengine moyoni.

Johannessen, yule wa Toulouse, alitukanwa na kutishwa mitandaoni na watu waliojiita mashabiki wa Pogačar. Pogačar mwenyewe alikuwa ameshainuka, ameshafikishwa, ameshashukuru. Waliokuwa barabarani walimaliza jambo lao ndani ya kilomita 4. Walioko kwenye simu hawakumaliza. Kijana alijikaza akamaliza Tour akiwa wa sita, na ningependa kujua waliomtisha walijisikiaje, ingawa nadhani walikuwa wameshahamia kwa mwengine. Tunaijua tabia hiyo. Kila wikendi ya Ligi ya Uingereza twaiona kwenye makundi yetu ya simu, mtu akitukaniwa mama kwa penalti iliyopigwa London.

Septemba 2025 mbio za ubingwa wa dunia zilikuja Kigali, mara ya kwanza Afrika. Pogačar alishinda, Remco Evenepoel wa Ubelgiji akawa wa pili, na milima ile ilikuwa mikali hata wanaume waliomaliza wakawa 30 tu. Nilitazama kwa runinga. Kilichonikaa ni watu wa Kigali ukingoni mwa barabara, wengi kupita kiasi, wakimshangilia kila aliyepita, wa kwanza na aliyeachwa, bila ya kuuliza jezi ni ya nani. Labda ni rahisi kufanya hivyo unapokuwa mwenyeji. Labda wakiwa na bingwa wao wa kumlilia watakuwa kama mimi.

Mpwa wangu hakuniacha. "Basi mjomba, mwaka huu ikiwa ni Vingegaard aliyekwenda chini, na Pogačar akapita?"

Nilitaka kusema nitamwita mwizi. Badala yake nimemwambia achukue kalamu aandike jibu langu sasa, kabla mbio hazijaanza: ikiwa ni mteremkoni, vita vimechacha, na kona kaikosea mwenyewe, Pogačar ana haki ya kupita na mimi sitasema neno. Ameandika. Ameweka na tarehe, na amesema ataipeleka kwa fundi aiweke dukani.