Vipimo ni Vyako, Kopi Isiwe Biashara

Leo tunaweka vitambaa na hina kando, tuzungumze jambo ambalo wengi hulikumbuka siku ya shida: faili lako la hospitali. Msimamo wetu ni huu: mwanamke akiomba nakala ya vipimo vyake, ya kwanza apewe bure. Akihitaji nyingine, alipe gharama ya kuitoa tu, kwa bei iliyobandikwa ukutani.

Huku kwetu Ujiji na Kigoma Mjini jambo hili si dogo. Mgonjwa wa kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika huanzia zahanati, akapanda boti kuja Hospitali ya Maweni, na akipewa rufaa huenda hadi Bugando kule Mwanza au Muhimbili, Dar es Salaam. Akifika bila karatasi, anaanza upya: damu itolewe tena, picha ipigwe tena, pesa itoke tena.

Bibi harusi naye ni msafiri. Ameolewa Unguja, Tabora au Bujumbura, faili limebaki Kigoma. Akishika mimba, daktari mgeni atamuuliza kundi lake la damu, kama aliwahi kupasuliwa, kama kuna dawa inayomdhuru. Majibu yapo, ila yako kabatini, mbali naye.

Tena kuna selimundu. Hapa Tanzania inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka, ndiyo maana wachumba wanahimizwa kupima kabla ya nikahi. Jibu la kipimo hicho ni la maisha yote. Kusomewa dirishani hakutoshi.

Sasa tuje kwenye bei. Steshenari kopi ya ukurasa mmoja ni kama shilingi 100. Lakini wateja wanaokuja kushona kwetu wametusimulia mengine: huyu kaombwa elfu kumi kwa karatasi nne, yule elfu ishirini, mwingine kaambiwa atoe ya soda. Risiti hakuna. Bei isipojulikana, hupangwa na aliyekaa dirishani, na anayeumia zaidi ni yule asiye na cha kutoa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Aprili 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua Tume inayoisimamia. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kuzijua taarifa zake zinazoshikwa na wengine, na taarifa za afya imezihesabu kuwa nyeti. Huo ni msingi mzuri. Lakini haki haimfai mama wa kijijini kama hajui anaidai wapi na kwa shilingi ngapi.

Wenzetu wamelitamka jambo la bei waziwazi. Kenya, kanuni za mwaka 2021 zinataka mtu anayeomba taarifa zake azipate ndani ya siku saba, bila malipo. Uingereza hospitali iliweza kutoza hadi pauni 50, mpaka sheria mpya ya Mei 2018 ilipofanya nakala kuwa bure. Ujerumani mgonjwa mmoja alidaiwa pesa na daktari wake wa meno ili apewe nakala ya faili. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na tarehe 26 Oktoba 2023 ikaamuliwa kwamba nakala ya kwanza ni bure. Hata Marekani, ambako matibabu ni ghali, mgonjwa hatozwi kwa ajili ya muda wa kulitafuta faili lake.

Watasema karatasi na wino vina gharama. Kweli, nasi wafanyabiashara tunajua kila kitu kina gharama. Lakini sisi washonaji tuna daftari la vipimo vya wateja. Kifua, kiuno, urefu wa gauni, vyote tumeviandika kwa kalamu yetu, ila ni vya mteja. Akivitaka, tunamwandikia. Dini yetu imetufunza kwamba amana hurudi kwa mwenyewe.

Tunaomba basi Wizara ya Afya na Tume watangaze kiwango kimoja kinachoeleweka, kibandikwe kila kituo kando ya bei za vipimo, kwa Kiswahili.

Nasi tufanye yetu. Omba nakala kwa barua fupi yenye tarehe, nawe ubaki na kopi. Ukitozwa katika kituo cha serikali, omba namba ya malipo na risiti. Ukikwama, muone mganga mfawidhi, kisha Tume. Kadi ya kliniki itunze pamoja na cheti cha ndoa. Na nakala apewe mwenyewe mkononi, si mshenga wala mama mkwe. Siri ya mwili wako ni stara yako.

Bibi harusi, unapofunga sanduku, vitenge na udi vikishaingia, weka na bahasha ya vipimo vyako. Allah awajaalie afya na ndoa zenye kheri. Amin.